Kiboksi cha Kijivu Nilichokupa kwa Utani

Kihesa, Iringa
Mwezi wa tano, 1978

Mtani wangu Gervasi, uliyeko Kitwe au popote Zambia ilipokumeza,

Kamwene. Usijibu kwa Kingoni, hapa hatukielewi na hatuna mpango wa kujifunza.

Barua hii sikuifunga. Anwani yako sina, maana mtu anayeondoka kwa maringo haachi anwani. Nimempa dereva wa lori anayekwenda Tunduma, yeye atampa mwenzake wa ng'ambo, na huyo atampa mwanamuziki yeyote atakayemkuta baa, hivyo hivyo mpaka ikufikie. Najua wote wataisoma njiani. Waisome. Siri sina, na mwandiko wangu ni mzuri kwa mtu aliyeachana na shule darasa la tano kwa makubaliano ya pande zote mbili. Ninyi madereva mjue tu kwamba mimi ni Mhehe na ninayemwandikia ni Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na tangu hapo sisi ni watani. Namtukana hanuni, ananichukulia changu simshitaki. Ndiyo sheria, na haina mahakama.

Mtani, nina jambo la kukuomba, na wivu umelikaba kooni. Bora niliteme kwanza, halafu nikuzungushe baadaye. Shangazi amefariki. Shangazi yangu muuza ulanzi, hiyo pombe yetu ya mianzi, aliyenilea tangu sijui kujifuta kamasi. Tumemzika hapa hapa Kihesa, mvua zikiwa za mwisho mwisho. Mavuno yakiisha tunaanua matanga, na kabla hajafumba macho alisema anakutaka wewe. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, nimemshikia kikombe cha uji, nasikia hata pumzi yake inavyopanda kwa shida. Akanipita kwa macho, akasema anakutaka wewe.

Sasa unajua. Ngoja nikae vizuri nikuonee wivu kwa utaratibu, kuanzia mwanzo.

Unakumbuka amplifaya yetu ya besi ilivyokufa. Tulikuwa Igowole siku ya gulio, tumeunganishiwa umeme wa jenereta ya mtu aliyesema ni nzima kama ng'ombe wa sadaka. Wimbo wa kwanza haujaisha, amplifaya ikatoa moshi mweupe na harufu ya kwato zinazobabuliwa. Mzee Lutego, kiongozi wetu, akaiinamia, akaweka mkono juu yake kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema, "Imekwenda." Wewe ukavua kofia. Mimi nilitaka kulia, ukaniharibia kwa kicheko.

Amplifaya nyingine haikupatikana. Maduka ya mjini mwaka ule yalikuwa yanauza rafu na mwenye duka aliyekaa nyuma yake. Tukabaki na vipaza sauti vya ukumbi, vile vya mikutano, vinavyotazama watu kutoka pembe mbili. Nikachomeka gitaa langu la besi humo moja kwa moja. Sauti ikatoka nyembamba kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Nikapiga kwa nguvu zaidi, mbu akawa na hasira, lakini akabaki mbu. Ukanisogelea na gitaa lako la ridhimu, ukaninong'oneza, "Mhehe, umekula leo?"

Ndipo Mzee Lutego akatuita. Alikuwa amesikia habari za fundi redio mmoja wa Mbeya, kule Mwanjelwa, aliyepata viboksi viwili kutoka ng'ambo ya mpaka. Vya kukanyaga kwa mguu, vyenye betri ndani. Besi inaingia imekonda inatoka imenenepa, na ukipenda inatoka na mkwaruzo, kisha inakwenda kwenye spika za ukumbi bila kuhitaji amplifaya. Bendi ilikuwa na uwezo wa kimoja tu. "Nendeni wote wawili mkachague," akasema.

Nikamwambia, "Mzee, mpiga besi ni mimi. Huyu anakwenda kufanya nini, kubeba mkate?"

"Anayepiga bila amplifaya hajisikii," akanijibu. "Spika zinawatazama watu, yeye zimempa kisogo. Wewe utapiga, Gervasi atatoka nje asikilize. Atakalosema Gervasi ndilo."

Maneno hayo niliyasikia vizuri sana. Yakapita sikio hili yakatokea lile, na njiani hayakukuta kitu cha kuyazuia.

Safari ile nakumbuka ulivyovaa. Sweta la mama yako lenye mikono mirefu kuliko mikono yako. Mimi nilikuwa nimevaa bugaluu ya kahawia inayofagia barabara, na chini yake raizoni zangu za Nairobi, soli nene kama matofali mawili ya kuchoma. Nilikuwa mrefu kuliko kondakta. Watu wa Makambako walinyanyuka kwenye viti kunitazama, usikatae. Ukanisemesha kwa sauti ili basi zima lisikie: "Mhehe, ukianguka kutoka huko juu nani atalipa?" Tulipofika tambarare za Usangu basi likasimama kupisha ng'ombe wa Wasukuma, kundi halina mwanzo wala mwisho, na wewe ukatoa kichwa dirishani ukamuuliza mchungaji kama hajapotewa na dume moja refu lililovaa viatu. Mchungaji akanitazama, akacheka mpaka akaegemea fimbo. Mimi pia nilicheka. Siku hizo nilikuwa na vingi, kicheko hakikunigharimu kitu.

Fundi wetu alikuwa Mnyakyusa mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa redio. Fundi Ambokile. Akaweka viboksi mezani. Kimoja chekundu, kinang'aa, kina vitufe vitatu vya kuzungusha na maandishi ya kizungu yaliyolala kama yanakimbia. Kingine cha kijivu, rangi imebanduka, kidogo, ungedhani ni kopo la rangi ya viatu. Akaunganisha spika aliyokuwa akiitengeneza, akaitazamisha barabarani, akaniambia nipige. Wewe ukatoka nje, ukasimama katikati ya akina mama wauza ndizi, mikono ya sweta inaning'inia.

Nikakanyaga chekundu. Bwana wee. Simba, si mbuzi. Kile kibanda kilijaa mngurumo mpaka bisibisi zikatembea mezani. Nikapiga mistari yote ninayoijua na mingine nikaizua pale pale. Kisha nikakanyaga cha kijivu, na hapo ndani sikusikia kitu cha maana. Kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni.

Ukarudi ukasema, "Cha pili."

"Cha pili kipi? Hiki kibubu?"

"Hicho hicho. Chekundu kinapiga kelele kikiwa peke yake. Ngoma na tarumbeta zikiingia, kitazama. Cha kijivu kina mkwaruzo kidogo tu juu, na chini kimebaki kizito."

Nikakwambia huna masikio, una vipini vya sufuria. Nikamwita yule mama wa ndizi aliyekuwa jirani yako, mwanamke mwenye heshima zake, anayeonekana hana ubaguzi wa makabila. Nikamuuliza, "Mama, ipi nzuri?"

Akafikiri. "Ya kwanza imenguruma kama lori linalopanda mlima, mwanangu. Ya pili sikuisikia sana. Niliisikia miguuni."

"Unaona?" nikakuuliza wewe. "Besi ya kusikika kwa miguu ni ya tetemeko la ardhi. Fundi, funga chekundu."

Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nilikuona. Ulikuwa umekishika cha kijivu, umekigeuza, unakitazama tumboni jinsi mtu anavyotazama mtoto wa jirani aliyelala. Na mimi, unanijua, nina moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, na siku ile vyote viwili viliamka pamoja. Nikavua raizoni zangu. Nikaziweka mezani. Nikasema kwa sauti, wauza ndizi wote wasikie, "Fundi, chukua viatu hivi vya Nairobi, mpe Mngoni huyu hicho kibubu kikamfundishe kunyamaza. Nampa kwa utani."

Fundi Ambokile akavua kandambili zake, akajaribu raizoni. Zikamkaa. Akatembea kibandani akijitazama, kichwa kinakaribia mabati. "Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Umesema unampa kwa utani?"

"Kwa utani."

"Basi hakirudi hicho."

"Hata kikiota meno."

Wewe ukakitia kifuani ndani ya sweta. "Asante, Mhehe," ukasema. "Siku utakapokililia nitakununulia leso." Nikarudi Iringa na kandambili za fundi, bugaluu inaburuta tope, nacheka njia nzima. Nilidhani nimekushinda.

Jumapili ile kulikuwa na dansi la mchana pale ukumbini. Shangazi alikuja na ndoo yake ya ulanzi kama kawaida, akakaa nje barazani. Kwa miaka yote niliyopiga muziki hakuwahi kuvuka mlango ule. Alikuwa akisema bendi yetu inapiga kelele kama watu wanaohama nyumba. Na mimi, mtani, tangu siku ya kwanza nilipovaa gitaa, jambo langu lilikuwa hilo moja: shangazi avuke mlango. Sikulisema kwa mtu. Nilijigamba kuhusu Nairobi na warembo wa Dodoma, lakini kila wimbo nilikuwa naangalia mlangoni.

Nikakanyaga chekundu changu. Mimi pale nyuma ya spika sikusikia kitu, nikazungusha kitufe. Bado. Nikazungusha mpaka kikagoma. Kumbe kule mbele spika zilikuwa zinakoroma kama mgonjwa, na chini ya mkoromo besi yenyewe haipo. Wachezaji wakasogea ukutani mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu waliokumbuka wameacha moto jikoni. Mzee Lutego akanijia wimbo ukiwa katikati.

"Unapika nini humo?"

"Besi, mzee."

"Imeungua."

Tulipopumzika akakuuliza kama kale kakopo kako unako. Ulikuwa nako ndani ya soksi ya sufu. Ukachukua gitaa langu, mkanda ukiwa bado na joto la bega langu. Ukakanyaga. Ukagusa kitufe kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi. Mimi nikatoka kwa hasira, nikaishia mlangoni.

Ndipo nikasikia. Mara ya kwanza maishani nilisimama upande wa watu nikasikia gitaa langu mwenyewe. Lilianzia kwenye sakafu. Lilipanda kwenye magoti, polepole, halina haraka wala hasira, na juu yake mkwaruzo mdogo kama sauti ya mzee ambaye ameamka sasa hivi na bado hajaongea na mtu. Ngoma ikapata mahali pa kukaa. Tarumbeta ikaacha kupiga kelele. Watu wakatoka ukutani. Nikageuka kumtafuta shangazi nimwambie chochote, nikakuta ndoo ipo peke yake barazani, kata inaelea ndani. Alikuwa ameshaingia. Mwanamke asiyeacha ulanzi wake hata mvua ya mawe inapopiga, ameuacha, yuko katikati ya ukumbi na mabuti yake ya mpira, viwiko vimekunjwa kama anayesaga ulezi, macho ameyafumba.

Nilimfuata. Nikasimama mbele yake nikitabasamu. Akafumbua macho, akasema, "Toka njiani, mwanangu."

Baadaye akakujazia mbeta ya kwanza ya ulanzi wewe. Wewe, kabla yangu, mbele ya bendi nzima. "Huyu anapiga kama mtu anayejenga," akasema. Mimi nilipewa iliyobaki, ina povu na nyuki mmoja.

Tangu siku hiyo Mzee Lutego akakupa besi, mimi akanipa ridhimu yako. Tukapiga hivyo miaka, Iringa mpaka Mbeya na kurudi, na mimi nimekuonea wivu kila kilomita. Niliuonea wivu mguu wako wa kulia. Nilimwonea wivu mama yako kwa kujua kufuma soksi inayokaa kiboksi. Jioni shangazi aliniuliza, "Mngoni wangu amekula?" Nikimjibu, "Na mimi je?" anasema, "Wewe una mdomo, ungeshasema." Alikuwekea viazi vya moto chini ya majivu. Hata alipougua jino alitaka wewe umtanie ndipo akang'olewe. Ulimwambia jino lake lina umri mkubwa kuliko serikali, akacheka, akaenda.

Na nijuavyo hukukosa kuniona. Kuna asubuhi moja pale bombani, tumepanga ndoo, ukasema bila kunitazama, "Mhehe, ukikitaka kwa kweli sema. Nitakupa." Hukucheka. Nikakujibu kwamba babu zako walitembea kutoka kwa Wazulu wakachoka kabla hawajafika mahali pazuri, ndiyo maana mko Songea. Ukacheka, tukateka maji, mazungumzo yakaishia hapo. Nimeifikiria sana asubuhi ile. Ningesema nini? Mimi na wewe tulikuwa na lugha moja tu, ya utani, na katika lugha hiyo mtu anaweza kunyang'anya, kutukana, kuficha viatu vya mwenzake, lakini hakuna neno la kuomba. Babu zetu hawakuliweka. Labda waliona tutalitumia vibaya.

Kisha wakaja wale wanamuziki wa Zambia. Tulikuwa Mbeya, tumepiga dansi la mchana, nao wanasubiri treni iwarudishe kwao. Wakasimama nyuma ya ukumbi na makoti yao, hawachezi, wanatazama mguu wako. Nilijua kabla hujajua kwamba wataondoka nawe. Shangazi alipokuaga alikupa chupa ya ulanzi iliyozibwa kwa gunzi, akalia. Mimi nilipoanguka kwenye mparachichi nikavunjika mkono aliniuliza kama parachichi zimepona.

Ulipoondoka nilirudi kwenye besi. Nimekuwa mzuri, mtani, sitaki kudanganya watu wanaosoma barua hii njiani. Chekundu changu nimekizoea. Nimegundua kwamba ukifunga vitufe karibu vyote kikabaki na punje tu ya ukali, kinafanya kazi ya kiungwana. Kabla ya dansi namsimamisha mwenzangu mlangoni anisikilizie, na akisema punguza napunguza. Watu wanacheza. Ukumbi unajaa. Nilimwambia shangazi, "Njoo usikie sasa." Akasema magoti. Sikuwahi kuamini kwamba ni magoti.

Halafu nikakusikia redioni. Niko kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, redio yake inakamata Zambia kwa taabu. Ikaanza besi, nikamshika kinyozi mkono. Ningekujua hata ukipiga ndani ya pipa. Nikawaambia wote mle ndani, "Huyo mnayemsikia, kiboksi chake nilimpa mimi."

Kinyozi akafuta wembe. "Na wewe mbona huna?"

Nikamalizia kunyolewa.

Sasa nisikie vizuri kuhusu shangazi, maana ndiko nilikokuwa nakuja. Hakuugua muda mrefu. Kifua kilibana, akakataa hospitali mpaka ulanzi wa msimu uishe, na ulipokwisha yeye pia alikuwa amekwisha. Ile siku ya uji akasema, "Mwambieni Mngoni aje anitanie. Sitaki kuondoka kimya kama paka." Nikamwambia uko mbali. Akasema, "Basi nitamsubiri." Nami nikawaza, mimi hajawahi kunisubiri hata kwenye chakula. Ndivyo nilivyowaza, mama yangu mlezi anakufa mbele yangu. Nakuandikia ujue wivu wangu hauna adabu, hauchagui saa.

Kwenye mazishi tulimtafuta mtani mwingine. Unajua msiba wetu ukikosa mtani ni maiti mbili. Wakamleta Mngoni mmoja, mwalimu, mtu safi, ana kalamu mfukoni. Akasimama kando ya kaburi akasema, "Marehemu huyu alikuwa mchoyo wa ulanzi." Kisha akakohoa. Tukasubiri. Akasema, "Asanteni." Gervasi, alitania kama anayesoma majina ya waliofeli. Hakulala kaburini kulizuia jeneza, hakumdai marehemu, hakumwigiza. Wanawake walimtazama kwa huruma. Mzee Lutego akaniambia kwa chini, "Huyu mama anazikwa na mgeni." Nikaondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya migomba, kwa sababu nilichokuwa nakitaka wakati ule ni wewe utokee na sweta lako baya, umtukane.

Kwa hiyo nakuomba. Naandika neno hili bila utani, na mkono unalikataa kwa sababu haujalizoea. Nakuomba uje. Mavuno yakiisha, panda treni, ushuke Makambako, nitakuwa pale hata nikisubiri mpaka reli iote majani. Njoo na kiboksi. Gitaa la besi litakuwa lako siku hiyo, na sitasimama mbele ya mtu yeyote anayecheza. Ukifika usinicheke mara moja, nipe nafasi ya kukusalimu kwanza.

Na kuna kanga. Ile ya bluu yenye madoa meupe, aliyokuwa akijifunga akienda na ndoo. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Wanawake wamefua na kugawa vyote, sufuria, mabuti, hata kigoda, lakini hiyo hawakuigusa, maana inamngoja mtani aivae atembee kama yeye. Juzi nilikuwa peke yangu nyumbani nikaishusha. Nilitaka nijifunge tu, nichukue hatua chache, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo kama wake, niseme toka njiani. Nikashindwa. Sheria imenipa mimi kulia, basi. Mtoto wa nyumba akijifunga nguo ya marehemu akamwigiza, majirani watasema amerukwa na akili. Wewe ukijifunga, watu wanapona. Nimekuonea wivu wa besi, wa ulanzi, wa viazi vya moto, na yote hayo ningekusamehe. Huu wa kanga umenishinda.

Njoo uivae, Gervasi, tumwone akipita.

Ni mimi,
Mtani wako, Mhehe wa Kihesa